Je, miezi ya kazi kabla ya kuandikishwa huhesabiwa kuwa utarajali wa ufamasia?

Swali
Habari zenu wanajukwaa. Nimebakiza muhula mmoja kumaliza shahada ya famasia, na mfamasia mmoja amekubali nianze kazi katika duka lake la dawa mara tu baada ya mitihani. Je, miezi nitakayofanya hapo kabla ya kuandikishwa na baraza la famasia itahesabiwa kuwa utarajali, yaani mafunzo ya kazini kabla ya usajili, au nitakuwa nimejitolea tu?

Jibu la kwanza
Ndugu, usianze kabla hujaandikishwa. Katika nchi nyingi chombo kinachosajili wafamasia huhesabu utarajali tangu siku kilipomkubali mtarajali, msimamizi na kituo, na kila kimoja huidhinishwa peke yake. Kwa hiyo mfamasia anaweza kuwa na leseni halali ilhali duka lake halijaruhusiwa kufundishia. Mwombe uthibitisho kabla hujamshukuru. Daftari la mafunzo nalo lisainiwe kila wiki, kwa sababu msimamizi akihama, saini za nyuma huwa shida kuzipata. Nimemwona mtarajali akirudia miezi mitatu kwa kosa hilo tu. Tena, saa hizo zisiishie katika kuhesabu vidonge. Mtahini atataka kujua kama uliwahi kukuta cheti cha dawa chenye dozi iliyozidi, ukampigia daktari simu na kumweleza sababu.

Jibu la pili
Naongeza kuwa taratibu hutofautiana. Nchini Uingereza, kwa kawaida mtu humaliza shahada ya miaka minne, kisha hufanya wiki 52 za mafunzo na mtihani wa usajili. Marekani saa za vitendo, zisizopungua 1,740, zimo ndani ya masomo yenyewe, ndipo mhitimu hufanya NAPLEX, yaani mtihani wa leseni ya ufamasia, na, katika majimbo mengi, mtihani wa sheria za famasia. Aliyesoma nje ya Marekani hutakiwa kwanza kupata cheti cha FPGEC, cha kuthibitisha elimu ya wafamasia waliosoma nje, ambacho kwa waliohitimu tangu 2003 hudai mtaala wa miaka mitano au zaidi.

Mwuliza swali
Nashukuru. Shahada yangu ni ya miaka minne, hivyo hilo la mwisho nimelisoma mara mbili. Nimemwuliza mwenye duka: leseni anayo, lakini kibali cha kufundishia hajawahi kukiomba.

Jibu la kwanza
Basi akiombe sasa, ungali chuoni. Kikichelewa, tafuta hospitali iliyokwisha kuidhinishwa.