Mjadala: Je, Naibu Rais arudishiwe wizara?

Ndugu zangu wa Nyanza, Magharibi na Bonde la Ufa, hili tulijadili. Katiba ya Kenya ya 2010, Kifungu cha 147, inasema Naibu Rais ni msaidizi mkuu wa Rais na hatashika wadhifa mwingine wowote wa umma. Mimi nasema kibadilishwe, apewe wizara tumpime kwa kazi.

Zamani Makamu wa Rais, kama Naibu alivyoitwa wakati huo, alikuwa mbunge na, mara nyingi, waziri. Moi alishika Mambo ya Ndani miaka yote ya umakamu wake, 1967 hadi 1978. Kibaki aliingia akiwa na Fedha, 1982 akahamishiwa Mambo ya Ndani.

Lakini mfano wangu ni wa jirani, Mzee Moody Awori wa Funyula. Alipokuwa Makamu Septemba 2003, baada ya kifo cha Wamalwa Kijana, alibaki na Mambo ya Ndani, na magereza yakiwa chini yake. Baba yangu mdogo alikuwa askari jela. Nakumbuka alivyokuja likizo Butere, akaketi chini ya mwembe akimsimulia nyanya kwamba wafungwa wamepewa magodoro, hata runinga. Alikuwa amezoea kuwapata asubuhi wamejikunyata sakafuni. Nyanya akauliza nani kaleta. "Makamu wa Rais." Leo swali hilo ungelijibu vipi? Utataja mazishi na harambee alizohudhuria.

Kutoka Kondele, Kisumu:
Umesahau Jaramogi Oginga Odinga. Alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Alipopandishwa kuwa Makamu Desemba 1964, wizara akapewa Moi. Machi 1966 kule Limuru, KANU ikafuta cheo chake cha makamu wa chama na kuweka manaibu wanane. Aprili akajiuzulu, akisema hawezi kula pesa za umma kwa cheo kisicho na kazi. Kibaki naye 1988 alivuliwa umakamu akasukumwa Wizara ya Afya. Wizara ya kupewa ni ya kunyang'anywa. Ukimpa Naibu wizara, umemfunga kamba, na Rais ndiye ameishika.

Kutoka Njoro, Nakuru:
Naunga mkono Kondele. Enzi za Moi waziri alijua hatima yake kwenye taarifa ya habari ya saa saba mchana. Naibu Rais Gachagua aliondolewa Oktoba 2024, ndiyo, lakini ilibidi Bunge la Kitaifa lipige kura, Seneti ipige kura, na mahakama zikaingia. Kinga hiyo tusiichezee.

Kutoka Mbale, Vihiga:
Mudavadi alikuwa Makamu kwa miezi miwili tu mwishoni mwa 2002. Sasa ni Mkuu wa Mawaziri, na tangu 2023 ana Mambo ya Nje pia. Aliye chini ya Naibu kwa itifaki ana wizara na mabalozi, Naibu hana!

Mwanzilishi wa mada:
Kondele, hoja ya kamba nimeikubali, imenikuna. Basi Rais asiwe ndiye wa kugawa. Jukumu la Naibu liandikwe ndani ya Katiba yenyewe, lisiweze kuhamishwa kwa amri ya Ikulu, naye awe anafika bungeni kujibu maswali kulihusu. Mkiniuliza lipi, ningeanza na magereza.