Mlango wa kutokea juu ya paa la zege: namna ya kuujenga uwe salama bila gharama kubwa

Mwenye Nyumba

Wakuu, habari za kazi. Ninajenga nyumba yenye paa bapa la zege, na mbao za kumwagia slabu ya juu zimekwisha kuanza kufungwa. Ninahitaji tundu la kupandia paani kutokea ndani, kwa sababu matangi ya maji na paneli za sola vitakaa huko juu, na sipendi kila fundi anayekuja kuvihudumia aegemeze ngazi ukutani kwa nje.

Nimeona vifuniko vinavyotengenezwa kiwandani, navyo ni vizuri, lakini bei yake inazidi kiasi nilichotenga kwa kazi hii. Fundi wangu anashauri tuache tundu la sentimita 60 kwa 60, tulifunike kwa bati nene la chuma, na tuweke kufuli. Nina wasiwasi na maji ya mvua, nina wasiwasi zaidi na wezi, na ningependa mtu mzima yeyote wa nyumbani aweze kukiinua kifuniko hicho bila msaada. Naomba ushauri wa wenye uzoefu kabla zege halijamwagwa.

Mwashi

Ndugu, umeuliza kwa wakati, maana sehemu kubwa ya kazi hii hufanyika kabla ya zege. Tundu la 60 kwa 60 linampitisha mtu, lakini halimpitishi mtu aliyebeba mfuko wa vifaa au betri, kwa hiyo kwa matumizi uliyoyataja ningeacha uwazi wa sentimita 75 kwa 90. Mahali pake pachaguliwe na mhandisi aliyeichora slabu, mbali na boriti na mbali na ukingo wa nje wa paa, ili anayechomoza kichwa asijikute hatua moja tu kutoka kwenye mwisho wa jengo. Nondo zitakazokatizwa na tundu haziachwi hivi hivi: kiasi kile kile hurudishwa kando ya uwazi, nusu upande huu na nusu upande wa pili, na kila pembe huongezewa nondo za mshazari, kwa kuwa nyufa za zege hupenda kuanzia kwenye pembe za uwazi.

Jambo ambalo sitaki ulipuuze hata kidogo ni kuta fupi za kulizunguka tundu. Tundu lililo sawa na uso wa paa litavuja, hata likipakwa silikoni kila mwaka. Jenga kuta za zege zenye unene wa sentimita 10, zimwagwe pamoja na slabu ikiwezekana, au angalau nondo zake ziachwe zimesimama tayari, na kimo chake kiwe sentimita 30 kutoka uso wa paa lililokamilika. Watu wengi hupima kutoka kwenye slabu tupu, wakasahau kwamba bado litakuja tabaka la kutoa mteremko na pengine tabaka la kuzuia joto, ambayo kwa pamoja yanaweza kula sentimita 10 au zaidi, na ukuta ulioonekana mrefu siku ya kumwaga zege ukabaki mfupi kama kizingiti cha mlango. Pembe ambayo paa linakutana na ukuta huo ijazwe mota kwa mshazari ili utando wa kuzuia maji usikunjwe kwa ukali, maana hapo ndipo hupasuka kwanza, kisha utando wenyewe upandishwe ukutani angalau sentimita 20. Hapa usibane matumizi. Kifuniko kibovu utakibadilisha kwa siku moja, ila ukuta na utando vikikosewa utalipa kwa dari, rangi na nondo zilizoshika kutu.

Fundi wa Chuma

Ninaunga mkono yote aliyosema Mwashi, nami niongeze upande wa kifuniko, kwa sababu hapo ndipo pesa hupotea kwa kuamini kwamba bati nene ndilo usalama. Kwa kuta alizozitaja, kifuniko kitakuwa na ukubwa wa karibu mita 1.13 kwa 0.98 pamoja na mdomo unaoshuka pande zote nne kwa sentimita 10. Bati la milimita 2 lina uzito wa kilo 15.7 kwa mita ya mraba, kwa hiyo bati peke yake litafika kilo 24 kabla hujaweka fremu. Bati la milimita 1.2 likiwekewa fremu ya mabomba ya mraba ya milimita 25 na vipande viwili vya kukatiza katikati, kifuniko kizima kitakuwa na kilo 21 hivi. Kwa kuwa bawaba hubeba nusu ya uzito, anayekiinua kwenye ukingo ataanza na kilo 10 au 11. Kwa mtu aliyesimama chini hiyo si shida, lakini kwa aliyeshika ngazi kwa mkono mmoja ni nzito, na springi mbili za gesi za aina inayotumika kwenye mlango wa nyuma wa gari, zikichaguliwa kulingana na uzito huo, zitamaliza tatizo. Hata hivyo, usizitegemee peke yake kushikilia kifuniko kilichofunguka, kwa kuwa gesi hupungua kwa miaka na upepo unaweza kukibamiza kifuniko ghafla. Weka mkono wa chuma unaojifunga wenyewe kifuniko kikifika mwisho.

Sasa wezi. Anayefanya kazi juu ya paa haonekani, ana muda, na kifaa chake ni mtaimbo. Hatoboi bati, anatafuta mahali pa kupenyeza ncha ili akiinue kifuniko. Mdomo unaoshuka nje ya ukuta humnyima mahali hapo, mradi nafasi kati ya mdomo na ukuta isizidi milimita 8. Kisha atazihamia bawaba. Bawaba za nje zikikatwa pini, kifuniko huinuliwa kutoka upande ule hata kama kufuli bado imeshika. Dawa yake ni rahisi mno: upande wa bawaba chomelea vipande viwili vya nondo ya milimita 16 ndani ya kifuniko, vinavyoingia kwenye matundu ya fremu ya chini kila kifuniko kinapofungwa. Hapo bawaba zote zikikatwa, kifuniko hakitoki. Upande wa kufungulia weka makomeo mawili ya nondo hiyo hiyo, moja karibu na kila pembe, kwa sababu komeo moja la katikati huacha pembe zikipindwa. Fremu ya chini, ambayo ni engo (chuma chenye umbo la L) ya milimita 40, ichomelewe vishikio vya nondo vitakavyofukiwa ndani ya zege la ukuta siku ya kumwaga. Fremu iliyofungwa kwa skrubu na plagi baada ya zege kukauka hung'olewa pamoja na kila kitu kilichofungwa juu yake.

Kuhusu kutu: kama utatumia chuma kilichopakwa zinki, zinki isagwe pale pa kuchomelea, kazi ifanyike mahali penye hewa, kwa sababu moshi wake humletea fundi homa, na kila mshono upakwe tena rangi yenye zinki nyingi kabla ya rangi ya juu.

Mwenye Nyumba

Nashukuru sana, ndugu zangu. Nimewapelekea fundi na mhandisi vipimo hivi leo. Nimebaki na swali la kufuli: je, niiweke kwa ndani juu ya makomeo hayo mawili, na funguo zikae wapi?

Mkaguzi wa Usalama

Mwenye nyumba, nakusihi usiweke kufuli kabisa. Kifuniko chako ni cha chuma kitupu, hakina kioo wala tundu la kupitishia mkono, kwa hiyo mtu aliye nje hawezi kulifikia komeo, na kufuli ya ndani haimwongezei mwizi kazi yoyote ya maana. Inamwongezea kazi mtu wa nyumbani. Moto ukishika chini na ngazi kuu ikajaa moshi, njia ya paani inaweza kuwa ndiyo iliyobaki, na hakuna atakayetafuta funguo gizani huku akikohoa. Makomeo yafunguke kwa mkono mmoja, bila funguo, na kila anayelala nyumbani humo ayajue. Kama hofu ni watoto kupanda, zuia ngazi badala ya kifuniko: hatua za chini ziwe za kutoa na kupachika, na zitundikwe pale pale juu, mahali ambapo mtoto hafiki na mtu mzima anafika.

Ngazi yenyewe ifungwe imara ukutani, hatua zake ziachane kwa sentimita 30, na nyuma ya hatua pawe na nafasi ya sentimita 18 ili unyayo uingie vizuri, si vidole tu. Watu wengi huanguka wakiwa wameshafika juu, pale ambapo mkono hauna cha kushika. Weka nguzo ya kushikia inayopanda mita 1 juu ya paa, na uzungushe pande tatu za tundu reli yenye kimo cha sentimita 110, kwa kuwa tundu lililo wazi ni hatari kwa fundi anayerudi nyuma akitazama paneli.

Fundi wa Chuma

Mkaguzi amesema kweli, nami nafuta neno kufuli. Jambo moja lililobaki, ambalo huwafanya watu wabomoe utando mzima bure: chini ya kifuniko bandika bodi za povu gumu za sentimita 5, uzifunike kwa plaiwudi nyembamba, na mpira wa kuzibia uzunguke fremu yote bila kukatika. Hewa ya ndani yenye unyevu hupanda, usiku hukutana na chuma kilichopoa, na asubuhi matone hudondoka hata kama mvua haikunyesha. Ukiona matone baada ya usiku mkavu, kagua povu na mpira kwanza kabla hujamwita mtu wa kuzuia maji.