Nina leseni ya bastola lakini inalala kwenye sefu. Nianze kutembea nayo kila siku?

Mama Migebuka, Kigoma

Wadau salaam, wakubwa shikamooni.

Mimi ni mama wa biashara. Nanunua dagaa na samaki aina ya migebuka mwalo wa Kibirizi, wavuvi wanaposhushia mzigo, naanika, nasafirisha Dar. Bastola ninayo kihalali. Niliiomba baada ya ghala kuvunjwa usiku na mlinzi wangu kukatwa panga mkononi. Faili lilianzia serikali ya mtaa, likapanda kata, wilaya, mkoa, likafika kwa Msajili wa silaha. Nilihojiwa, nikapata mafunzo, nikakabidhiwa leseni. Tangu hapo silaha iko chumbani, kwenye sefu iliyofungwa ukutani kwa bolti, na ufunguo ninao mimi tu.

Kinachoninyima usingizi ni njia. Wasiojua kazi yetu niwaeleze: dagaa wa Ziwa Tanganyika wanavuliwa kwenye giza, wanavutwa na taa. Mbalamwezi ikikolea vyombo vinakaa nchi kavu na nyavu zinashonwa. Maana yake mji mzima unajua ni usiku gani nitashuka mwaloni saa kumi alfajiri na fedha taslimu, na ni usiku gani sina kitu. Wezi wanasoma mwezi kama sisi tunavyousoma. Ziwa lilipofungwa kwa wavuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 mwaka 2024, kila mnunuzi alikaa na mtaji wake akisubiri. Lilipofunguliwa, pesa zilishuka mwaloni kwa pamoja, na nilichoka kwa kuangalia nyuma.

Karibuni mwenzangu wa biashara ameporwa akitoka Kibirizi kwenda Mwanga. Bodaboda mbili zilimziba, mmoja ana panga, mwingine nondo. Ameshonwa kichwani, mtaji wote umekwenda, na alikuwa hata hajabisha.

Mume wangu hataki kabisa nitoke nayo. Anasema silaha ikishavuka mlango, ni ya yeyote atakayenizidi nguvu. Mimi nasema niliiomba ili inilinde mimi, wala si kulinda ukuta wa chumbani. Hatujagombana, ila tumekwama.

Naomba wenye uzoefu mnisaidie. Nianze kuibeba kila siku? Mwanamke aliyevaa dera na kanga anaiweka wapi? Na nikilazimika kuitumia, sheria itaniangaliaje? Nina watoto wanne nyumbani. Tafadhali sana, tusiongee mambo ya sinema.

Kijana wa Gungu

Mama, beba. Leseni unayo, hofu ya nini? Wenzetu Marekani wanatembea nazo hadi sokoni, na mwaka 2022 mahakama yao ya juu kabisa imesema ni haki ya raia kubeba silaha nje ya nyumba kwa kujilinda. Mwizi akijua kina mama wa mwaloni wana bastola, atatafuta kazi nyingine. Ukikaa nayo sefuni ni sawa na huna.

Mstaafu Isevya, Tabora

Marahaba mwanangu, pole kwa huyo mwenzako. Nimefundisha matumizi ya silaha ndogo jeshini miaka mingi, sasa nafuga nyuki. Nitakujibu kama ningemjibu binti yangu wa kuzaa.

Nianze na pale anapokosea kijana wa Gungu. Anasema mwizi akijua una bastola atakimbia. Mwizi akijua una bastola, anakufuata kwa ajili ya bastola. Mwaloni utakuwa umebeba vitu viwili vya kuibwa badala ya kimoja, na hicho cha pili kwake kina thamani kuliko mtaji wako. Kwa hiyo ukiamua kuibeba, asijue mtu. Si kijana anayekubebea mabeseni, si dereva wako wa bodaboda, si shoga yako. Mume wako anatosha.

Sasa mahali pa kuiweka, maana hapo ndipo wanawake wengi wanapotoa jibu la haraka: mkobani. Mkoba ndicho kitu cha kwanza kunyang'anywa. Wale wa bodaboda hawakusalimii, wanavuta mkoba na kuondoka, na hapo umewapa silaha kwa mkono wako. Ukiufikia kabla yao, bado kuna zipu, kuna simu, kuna funguo, kuna noti. Na mkoba unawekwa chini msibani, unaachwa kochini, mtoto anatafuta pipi ndani yake. Bastola ya kubebwa inakaa mwilini, ndani ya ala ngumu inayofunika triga yote, iliyofungwa kwenye mkanda usiocheza. Ala ya kitambaa laini siipendi, triga inaweza kubonyezwa ukiwa unainama kupima dagaa. Dera lina nafasi ya kuficha, lakini halina mkanda, kwa hiyo utahitaji mkanda mpana wa ndani, na lazima ujue utalipandisha dera kwa mkono gani huku mkono mwingine ukitoa silaha. Jaribu nyumbani, bastola ikiwa tupu, magazini ya risasi nje, chemba inapokaa risasi umeikagua kwa jicho na kwa kidole, risasi ziko chumba kingine. Jaribu na kanga begani. Jaribu ukiwa umekaa upande mmoja kwenye bodaboda. Utaelewa mengi ambayo mimi siwezi kukuandikia.

Jambo la tatu ni muda. Mwaka 1983 askari wa Salt Lake City, Marekani, aitwaye Dennis Tueller, aliandika alichopima na wanafunzi wake: mtu mwenye kisu aliyesimama futi 21 kutoka kwako, yaani kama mita 6 na nusu, anakufikia kwa takriban sekunde 1.5. Huo ndio muda ambao mpigaji aliyefundishwa anahitaji kutoa silaha na kupiga. Aliyefundishwa, mwanangu, na anayemuona adui anakuja. Wale waliomziba mwenzako walikuwa umbali gani? Kulikuwa na mwanga? Ukiwa kwenye bodaboda, mikono imeshika kiti, panga liko pembeni ya shingo, bastola haikusaidii kitu, na kuitafuta hapo ndiyo kutamfanya akate.

La mwisho ni watu walio nyuma ya huyo unayempiga. Alfajiri Kibirizi ni umati: wachuuzi, wabebaji, watoto wanaookota dagaa waliodondoka. Risasi ya milimita 9 inaweza kumpita mtu mmoja ikamkuta mwingine, na isiyompata kabisa inaendelea na safari. Silaha hii haina "nimekosea bahati mbaya".

Sijasema usibebe. Nimewafundisha watu wanaobeba vizuri kabisa. Ila aliyeibeba kila siku na mazoezi ameshayaacha, huyo namuogopa.

Dereva wa Kasulu

Naunga mkono mzee. Nimeendesha barabara ya Kasulu, Kibondo hadi Nyakanazi enzi mabasi yanasindikizwa na askari. Silaha za vita ya Burundi ya 1993 na zile za Kongo baadaye zilivuka na watu wabaya, na sisi tulikutana nazo porini. Ukiona vijana watatu wana bunduki za SMG mbele ya basi, abiria mwenye bastola anawaponza wote waliomo. Mwenye busara anatulia, anatoa pesa, anaishi.

Halafu mama kumbuka vizuizi. Mkoa wetu ni wa mpakani, unasimamishwa mara kwa mara. Ukiwa nayo mwilini usisubiri igundulike: mikono ionekane, mwambie afande mapema una silaha ya leseni na iko wapi, usiiguse mpaka akuelekeze. Na kama huwa unavuka Manyovu au unapanda boti kwenda Bujumbura au Kalemie, leseni yako inaishia mpakani. Ng'ambo ya pale wewe ni mtu aliyekutwa na bunduki.

Wakili wa Cheyo, Tabora

Nijibu la sheria, na nianze na Marekani maana vijana wanatazama video nyingi. Hukumu ya Juni 2022 ilihusu New York, na imesimama juu ya Marekebisho ya Pili ya Katiba yao ya mwaka 1791. Katiba yetu haina kitu kama hicho. Kwetu silaha inamilikiwa kwa kibali chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na kibali kinaweza kuondolewa. Kimeandikwa kwa jina lako mama, kwa hiyo hata mumeo hawezi kuibeba "kwa leo tu". Mtu anayekutwa na silaha bila leseni anashtakiwa kwa uhujumu uchumi, na huku kwetu nimeona wazee wakienda jela miaka 20 kwa gobole la kuwindia.

Kujihami kumo kwenye Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kuanzia kifungu cha 18 hadi 18C. Unayo haki ya kujilinda, kumlinda mwenzako na hata mali. Lakini nguvu uliyotumia lazima ilingane na hatari iliyokukabili. Ukiizidisha na mtu akafa, kifungu cha 18B kinakupeleka kwenye kuua bila kukusudia, kosa ambalo adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha. Mahakama itauliza uliamini nini wakati ule na ulikuwa na msingi gani wa kuamini hivyo. Mwenye panga anayekujia, msingi upo. Aliyekwishachukua pesa na kukupa mgongo akikimbia, ukimpiga hapo umetoka kwenye kujihami. Hasira ya mtaji uliopotea naielewa sana, ila ndiyo inayowafikisha watu wema mahabusu. Na hata ukiwa sahihi kabisa, silaha itachukuliwa kuwa kielelezo, utahojiwa, biashara itasimama. Ukishajihami, piga simu polisi mwenyewe, wa kwanza, na usiondoke.

Bi Ujiji

Wanaume mmesema yenu, acheni niseme la wanawake. Marehemu kaka yangu alikuwa nayo kiunoni miaka mingi na mimi ndiye niliyekuwa namfulia, nimeona maisha yake. Kila siku, dada, maana yake ni kila siku. Msibani unakaa mkekani, huyu anakukumbatia kutoka mbele, yule anakulalia kiunoni analia. Harusini unavutwa ukacheze. Ukienda msikitini, ukienda kliniki, ukiingia benki wanakokukataza, unaiacha wapi? Kwenye gari? Gari linavunjwa. Mjukuu anakurukia mgongoni. Kaka yangu alikuwa hachezi na watoto mpaka aingie chumbani kwanza, na watoto walikua wakijua baba anaingia chumbani kwanza. Hakuwahi kuifyatua kwa mtu. Simlaumu, alikuwa na maadui wa kweli. Nakuomba tu ulipime hilo pamoja na panga la wezi, kwa sababu wezi utakutana nao labda mara moja, na hayo mengine utakutana nayo kuanzia kesho asubuhi.

Mama Migebuka, Kigoma

Nimesoma yote, mengine nimemsomea mume wangu kwa sauti. Bi Ujiji, umenigusa pale pa watoto. Mzee wa Isevya, nimefanya ulivyosema, bastola tupu, kanga begani, nimekaa kwenye pikipiki ya mdogo wangu iliyozimwa uani. Sikuweza kuitoa bila kuachia kila nilichoshika, na kanga ilinasa. Hilo nimelikubali bila ubishi.

Tulichoamua kwa sasa ni kuanzia kwenye pesa. Nimeongea na manahodha. Wengi wamekubali nilipe kwa simu mbele yao, mradi makato ya kutoa niyabebe mimi. Waliokataa ni wale wanaogawana na vibarua hapohapo mchangani, wao nitabaki kuwalipa taslimu lakini kiasi kidogo, na pesa hizo atatangulia nazo shemeji yangu jioni, si mimi alfajiri. Wanunuzi watano tumekubaliana kupanda kwa gari moja badala ya kila mtu na bodaboda yake. Bastola inabaki kwenye sefu, kazi yake ikiwa ghala na nyumba, ambako naweza kufunga mlango na kusubiri.

Ila sijafunga mjadala wa kuibeba. Ikiwa giza lijalo vitisho vitaendelea, nataka niwe nimejiandaa. Mzee, mazoezi ya kweli yenye risasi mtu wa huku anayapataje, na ala ngumu anaweza kutengeneza fundi viatu?

Mstaafu Isevya, Tabora

Umefanya vema kuanza na pesa, na mwambie baba watoto nampa mkono. Kwa mazoezi, nenda kwa OCD wako, mkuu wa polisi wa wilaya, na leseni mkononi, muulize ni wapi na kwa usimamizi wa nani unaruhusiwa kupiga. Usijaribu porini peke yako, utaitiwa sungusungu kabla hujamaliza magazini. Fundi viatu anaweza kushona ala ikiwa ngozi ni nene na imepimwa juu ya silaha yenyewe, na hapo ndipo penye tatizo, maana usimpelekee silaha kibandani. Chonga mfano wa mti wenye umbo lilelile, umpe huo. Ikishakuwa tayari, ingiza humo bastola ikiwa tupu, bila risasi, geuza ala juu chini, itikise kwa nguvu. Ikidondoka, mrudishie fundi ala yake.