Matairi ya gokati yanaisha haraka Mbeya, tatizo ni upepo?

Fundi_Soweto
Wakuu habari zenu. Tuna gokati (kigari kidogo cha mashindano), tunazungushia kwenye uwanja wa lami hapa Mbeya. Matairi hayana kashata, mbele 10x4.50-5, nyuma 11x7.10-5. Yalijazwa Dar psi 12, yakaja yakiwa kwenye rimu. Mizunguko mitatu ya kwanza yanashika vizuri, kisha nyuma inateleza. Ya nyuma yanalika katikati. Nipunguze upepo au ninunue mengine?

Nyanda_Juu
Usinunue kwanza. Tairi likilika katikati, upepo umezidi, na hapo umezidi bila mtu kuongeza. Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ya nje inakandamiza pungufu ya Dar kwa karibu psi 2.7, na geji inasoma tofauti ya ndani na nje. Baridi inarudisha kidogo, lakini 12 yako imeshafika kama 13 na nusu kabla tairi halijapata moto.

Shusha hadi 11, tairi likiwa limepoa kivulini. Zunguka mara sita, ingia, pima hapo hapo. Rekebisha nusu psi kwa nusu psi. Likishika mwanzo kisha likateleza, bado upepo mwingi; likichelewa kushika, umeshusha mno. Ile geji ya fundi tairi yenye namba hadi 160 achana nayo, psi 11 kwake ni sindano kutikisika tu. Tafuta ya mwisho 30.

Spana13
Naongezea: mwaga maji ya kwenye tangi la kompresa kabla ya kujaza. Unyevu ukipata moto, psi zinapanda ovyo.

Pia gokati haina difu (gia inayoruhusu magurudumu ya nyuma kuzunguka kwa kasi tofauti). Tairi la nyuma la ndani lisiponyanyuka kwenye kona linaburuzwa. Ili linyanyuke, jaribu kutanua magurudumu ya mbele milimita 5 kila upande.

Fundi_Soweto
Asanteni. Mabaki ya mpira yaliyoganda juu ya tairi? Kuna aliyeniambia nioshe kwa petroli.

Nyanda_Juu
Petroli hapana mkuu! Inatoa mafuta ya mpira, tairi linakuwa gumu kama ndala ya zamani. Pasha kwa kipuliza hewa moto, kwangua taratibu kwa skrepa ya rangi hadi vile vitundu vya kupimia unene vionekane. Vikishafutika kabisa, hapo ndiyo ununue. Ukimaliza, funga kwa nailoni nyeusi, weka mbali na jua na oili.