Mjadala: Kiingereza kiliitawala intaneti kwa ubora wake au kwa kuwahi?

Wadau, kila mada ya lugha ikiletwa, hoja moja haikosi: kwamba Kiingereza kinatawala intaneti kwa sababu kina istilahi nyingi na ndicho lugha ya sayansi, na lugha nyingine zimeshindwa tu. Napinga. Nikimaliza hapo nitawageukia wanaosema tulionewa, maana nina neno nao pia.

ARPANET, mtandao uliozaa intaneti, ulianza 1969 kwa fedha za Wizara ya Ulinzi ya Marekani, ukiunganisha vyuo na vituo vya utafiti vya huko huko. Oktoba mwaka huo Vint Cerf, mmoja wa waliokuwa wakiujenga mtandao huo, aliandika waraka mfupi kupendekeza kompyuta hizo zitumiane maandishi kwa ASCII, mfumo wa Kimarekani wa mwaka 1963 unaoipa kila herufi namba yake ndani ya kompyuta. ASCII ina nafasi 128 tu. Zimo herufi 26 za Kiingereza, kubwa na ndogo, tarakimu, alama za uandishi na amri za mashine, basi. Mfaransa hakupata é yake, Mhispania hakupata ñ, na Mwarabu na Mchina hawakupata hata herufi moja. Hapo hakuna lugha iliyoshindanishwa na nyingine. Watu walijitengenezea chombo chao kwa lugha yao, kisha chombo kikaenea.

Anayeamini lugha nyingine hazikuweza aitazame Ufaransa. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 Wafaransa walikuwa na Minitel, kifaa chenye kioo na kibodi kilichounganishwa na simu ya nyumbani, na mamilioni ya watu walipewa bure. Mtu alitafuta namba ya simu, akakata tiketi ya treni, akapiga soga na asiowajua, yote kwa Kifaransa, miaka mingi kabla ya tovuti ya kwanza. Kifaransa hakikupungukiwa kitu. Minitel ilizimwa 2012, na kwa maoni yangu kilichoiangusha ni kwamba ilikuwa chini ya shirika la simu la nchi moja, ilhali intaneti ilipokea mtandao wowote uliotaka kujiunga. Tovuti nazo, alizobuni Mwingereza Tim Berners-Lee akiwa CERN, kituo cha Ulaya cha utafiti wa fizikia kilichopo Geneva, mji wa wasema Kifaransa, ziliachiwa dunia bure mwaka 1993. Kiingereza kilidandia gari ambalo tayari lilikuwa linakimbia.

Sasa sisi, na hapa ndipo ninapoumia. Hoja ya kubanwa na herufi inamfaa Mwarabu, haitufai sisi. Kiswahili cha leo hakina herufi yenye nukta au mkwaju wa ziada. Hata ng'ombe, kile kialama chake kimo ndani ya ASCII. Sentensi yoyote ya Kiswahili ingeandikika kwa mfumo ule ule tangu siku ya kwanza. Kwenye SMS ni vivyo hivyo: sisi tunapata herufi 160 kwa ujumbe mmoja, anayeandika kwa herufi za Kiarabu anapata 70. Kweli tulichelewa kuunganishwa, kebo za chini ya bahari zilianza kufika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009, na kabla ya hapo bei ilikuwa ya kuumiza. Lakini tangu hapo tumeweka nini?

Chukua kantangaze, mdudu anayetoboa majani ya nyanya mpaka shamba linaonekana kama limepitiwa na moto. Utafiti juu yake umefanywa Tanzania, kwa wakulima wetu wenyewe. Tafuta matokeo: mengi yako kwenye majarida ya Kiingereza. Mkulima aliyehojiwa kwa Kiswahili hawezi kusoma kilichoandikwa kuhusu shamba lake. Akitafuta kwa lugha yake anaangukia zaidi video za hapa na pale na matangazo ya wauza dawa. Mtafiti naye simlaumu peke yake. Amesomeshwa kwa Kiingereza tangu kidato cha kwanza, na kupanda cheo kunategemea majarida hayo.

Najua mtasema Kiswahili kimejaa mtandaoni: mpira, mahubiri, muziki, magrupu ya WhatsApp. Sikatai. Ila jibu zuri la bwana shamba ndani ya grupu linapotea baada ya wiki moja. Asiyekuwemo hawezi kulitafuta akalipata.

Pendekezo langu: kila tasnifu inayolipiwa na fedha ya umma iambatane na kurasa chache za Kiswahili chepesi, ziwekwe wazi mtandaoni, na asiyefanya hivyo asihitimu. Wahadhiri na wanafunzi wa uzamili mliopo, nani analikataa sharti hili, na kwa hoja gani?