Wadau naombeni ushauri wa banda la boa, baridi ya Arusha inamtesa

Mlinzi wa Njiro:
Habari za jioni wakuu, poleni na majukumu. Najua wengine mkiona neno nyoka tu mnaupita huu uzi, lakini nivumilieni. Mimi natunza bustani na nyumba ya mzungu mmoja huku Njiro, mwaka wa nne sasa, na huyu bosi ana nyoka anaitwa boa, alikuja naye na makaratasi yake. Tangu Juni yuko kwao likizo kaniachia nyumba na nyoka, na mwisho wa Agosti mkataba wake unaisha anaondoka jumla, kaniuliza kama nitaweza kubaki naye nikasema ndio, maana kusema ukweli nimemzoea, mwaka wa kwanza nilikuwa nafungua mlango nachungulia tu nakimbia, sasa hivi namsafishia mwenyewe na redio nimewasha.

Shida iko hivi. Anakaa kwenye tangi la kioo la samaki, juu limefunikwa na wavu, halafu juu ya wavu kuna taa nyekundu ya vifaranga. Mchana sawa ila usiku wa mwezi wa saba huku kwetu mnaujua wenyewe, asubuhi ukigusa kile kioo ni kama umegusa chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Wiki iliyopita nimempa panya, siku ya tatu nakuta kamtapika mzima mzima, hiyo harufu hata adui yangu simuombei. Tangu siku hiyo kajikunja kona moja hatoki. Bosi kwenye simu anasema tengeneza banda jipya hela natuma, ila yeye anataja vifaa vya kwao huko, hapa sijui navipata wapi. Nyoka ana futi nne na nusu hivi, miaka mitatu. Sasa banda liwe kubwa kiasi gani, la mbao au kioo, joto natoa wapi na umeme ukikatika nafanyaje? Na msiniambie nimpige jembe, huo ushauri mama keshanipa.

Kisiki:
Mama yako msikilize.

Dada Korongo:
Mimi nimesoma mpaka mwisho miguu nimeipandisha kwenye kochi 😂😂

Gamba Jipya:
Kaka kabla ya mbao na misumari nijibu mawili. La kwanza, una uhakika ni boa? Watu wengi wanaita kila nyoka mnene boa. Mwangalie midomo ukiwa na tochi, chatu ana vishimo vidogo vimepangana kwenye midomo, ndivyo anavyosikilizia joto la kiwindwa, boa wa Amerika hana vile vishimo. Halafu mgongoni boa ana mabaka kama matandiko ya punda na kadiri unavyoenda mkiani yanazidi kuwa ya rangi ya matofali. Hili sio la kupoteza muda, chatu ni mnyama wa humu humu nchini na kesi yake ni nyingine.

La pili makaratasi. Yako kwa jina la nani? Tuna Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, na boa yuko kwenye orodha ya pili ya CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini, kwa hiyo huwezi kukabidhiwa tu kama unavyoachiwa kochi na friji. Usimbebe kumpeleka kwako hata siku moja mpaka uende ofisi ya wanyamapori uwaulize. Nakuambia kwa mapenzi, wewe ndio utakayekutwa naye, bosi atakuwa kwenye ndege.

Mlinzi wa Njiro:
Vishimo hakuna, nimemulika mpaka akanitolea ulimi. Mkia ni kama matofali ya kuchoma kabisa, hapo umenena. Makaratasi ni ya bosi. Jumatatu nakwenda kuuliza, mpaka hapo anabaki kwenye nyumba ya mwenyewe na banda litatengenezwa hapa hapa.

Gamba Jipya:
Safi sana. Sasa tuongee joto, maana kutapika kwako kumetokea hapo. Nyoka hana joto lake mwenyewe, analichukua nje, na bila joto chakula hakisagiki tumboni, kinaoza, na mwili unaamua bora kitoke. Upande mmoja wa banda anapotakiwa kuota joto pawe nyuzi 31 mpaka 33, upande wa pili 25 mpaka 27, ili yeye mwenyewe ahame akitaka. Usiku hata sehemu ya ubaridi isishuke sana chini ya 24. Arusha mwezi wa saba nje usiku inafika 12 au 13, na kioo hakishiki joto, tena umeweka wavu juu, yaani joto lote linapanda linaondoka unapasha dari ya bosi.

Na tafadhali usimpe chakula sasa hivi ukidhani ana njaa. Subiri wiki mbili kamili tangu alipotapika, maji tu yawepo, halafu anza na panya mdogo nusu ya yule wa mwanzo. Watu wengi wanaharibu hapo, anatapika, wanamuonea huruma, wanampa tena, anatapika tena, mara ya tatu hunaye.

Bibi Kuku Tengeru:
Hiyo taa nyekundu mwanangu ni ya wati 250, mimi naijua, natumia kwa vifaranga mia mbili. Kwa nyoka mmoja ni kumchoma mchana na kumwacha usiku ukiizima. Nenda kwenye maduka ya vifaa vya kuku pale mjini uulize hita ya seramiki ya bruda, yaani ya banda la kulelea vifaranga, ile haitoi mwanga inatoa joto tu, wati 100 au 150. Holda yake nayo iwe ya seramiki, ya plastiki itayeyuka, mimi iliwahi kuniyeyukia nikakuta maranda yameanza kufuka moshi Mungu akasaidia. Na hawa wanaouza mashine za kutotolesha wana kile kidude cha kuwasha na kuzima kwa joto, thamostati ya STC-1000, chukua ile ya umeme wa ukutani wa volti 220, ila haiji na plagi, fundi umeme akuungie waya. Kinachotunza mayai yangu siku 21 hakishindwi na nyoka.

Mlinzi wa Njiro:
Shikamoo bibi. Kumbe vitu vyote viko hapa hapa, mimi nimekaa nawaza kuagiza Marekani.

Bibi Kuku Tengeru:
Marahaba. Nyoka mwenyewe usinitumie picha.

Gamba Jipya:
Bibi kamaliza kazi, naongezea tu. Hita yoyote ikiwa ndani ya banda izungushie kizimba cha waya, boa atapanda ajiviringishe na ataungua bila kuondoka, wana hisia mbovu za kuungua sijui kwa nini Mungu aliwasahau hapo. Sensa ya thamostati ifunge kwa klipu na skrubu upande wa joto, sio uiachie inaning'inia. Akiisukuma ikaangukia upande wa ubaridi, thamostati itadhani kuna baridi, hita haitazima usiku kucha na asubuhi una mshikaki. Ongeza kipimajoto kingine cha pembeni, usiamini kimoja. Na mawe ya kupasha yanayouzwa mitandaoni achana nayo kabisa.

Fundi Mbao Moshi:
Naona sasa ni zamu yangu. Mimi ni seremala hapa Majengo Moshi, nyoka sijawahi kumtengenezea ila nimewahi kutengeneza banda la sungura, la kasuku na kabati la mtu wa maabara, na msingi ni ule ule.

Kioo kiweke mbele tu, mwili wote plaiwudi ya milimita 18, inashika joto vizuri kuliko hilo tangi. Futi sita kwenda pembeni, mbili kwenda ndani, mbili kwenda juu. Nimepiga hesabu kwa sababu ya shiti, shiti ni nane kwa nne, ukikata futi sita kwa nne na kuigawa katikati unapata juu na chini, kile kipande cha futi mbili kwa nne kinachobaki ni mbavu mbili, hakuna hata cha kuwashia jiko. Shiti ya pili mgongo, na nusu inayobaki ni fremu ya mbele na kashelfu ka kupumzikia. Kwa hiyo ni shiti mbili basi, fundi akikuambia tatu muulize ya tatu ni ya kabati la nani.

Ndani piga vanishi ya maji mikono mitatu, kona zote ziba na silikoni ile ya matangi ya samaki, sio ile ya bafuni yenye dawa ya ukungu. Halafu hapa ndio wateja wangu wote wananikorofisha, LIACHE LIKAUKE, wiki mbili milango wazi mpaka ukiingiza kichwa husikii harufu. Mbele vioo viwili vya kuslaidi kwenye chaneli ya aluminiamu, na ile kufuli ya meno wanayoweka kwenye makabati ya maduka ya simu. Usiweke komeo la sumaku. Mimi huku Moshi tuna joto nusu ya mwaka mzima ningekuambia utoboe matundu mengi, wewe wa Arusha toboa machache, manne chini upande wa ubaridi na manne juu upande wa joto, wavu ugongelee kwa nje asichubue pua.

Kisiki:
Shiti mbili za plaiwudi kwa ajili ya nyoka na mimi nalala kwenye kitanda cha mirunda.

Fundi Mbao Moshi:
Na wewe njoo mkuu, kitanda natengeneza.

Chalii wa Kijenge:
Mazee mnajisumbua kinoma, si amwachie tu kule msitu wa Mlima Meru akajitafutie, asili yake si porini?

Gamba Jipya:
Asili yake ni pori la Amerika, chalii yangu, sio Meru. Kwa baridi hii ya sasa atakufa, na asipokufa ni balaa lingine. Kisiwa cha Aruba boa walianza kuonekana 1999, mnyama wa kufugwa aliyeachiwa au kutoroka, leo wamezaana wanakula ndege na mijusi ya kule na hawatoki tena. Boa hatagi mayai, anazaa watoto hai, makumi kwa mara moja. Ikishindikana kabisa bora aulize pale Meserani Snake Park barabara ya Dodoma.

Mlinzi wa Njiro:
Simwachii popote. Fundi asante, nimempelekea fundi wa huku hesabu zako, kweli alikuwa kaandika shiti tatu 😂. Swali: chini naweka nini, maranda si yapo bure kwa fundi? Na panya nimekuwa nawatega stoo.

Gamba Jipya:
Maranda hapana, ya paina yana harufu kali inaumiza mapafu yake. Kwa sasa magazeti yanatosha, na ni rahisi kuona kinyesi. Baadaye tafuta kokopiti, yale makumbi ya nazi yaliyosagwa wanayotumia kwenye vitalu, mashamba ya maua huko Usa River yanaijua, iwe haijachanganywa mbolea. Inashika unyevu, anahitaji asilimia 60 mpaka 70 hivi, la sivyo gamba linamtoka vipande vipande. Weka bakuli zito la maji anamoweza kuzama na maficho mawili, moja upande wa joto na moja upande wa ubaridi, akiwa na moja tu atachagua usalama aache joto.

Panya wa stoo ACHA LEO. Huyo panya kala sumu kwa jirani jana, na wewe unamhamishia nyoka. Panya weupe wa kufugwa, unene wa panya usizidi unene wa tumbo la nyoka, kwa umri wake kila wiki mbili au tatu. Akishakula usimshike siku mbili.

Dada Korongo:
Umeme je? Maana jana kwetu umekatika kuanzia saa kumi na mbili mpaka saa tano.

Bibi Kuku Tengeru:
Chupa za maji ya moto, zifungwe taulo, mbili upande wa hita, na blanketi juu ya banda lote ila matundu yaachwe. Plaiwudi itashika saa kadhaa. Jiko la mkaa ndani ya chumba msithubutu, mtakufa wote na nyoka wenu.

Mlinzi wa Njiro:
MREJESHO. Wakuu imepita kama wiki tatu, nilinyamaza kwa sababu ya vanishi, fundi alitaka niingize nyoka siku ya tatu nikamwambia kuna mtu Moshi ataniua. Banda liko sebuleni kwa bosi, upande wa joto linasoma 32, ubaridi 26, saa kumi na moja alfajiri leo upande wa ubaridi 24 na nusu wakati nje nilikuwa natoa moshi mdomoni. Yuniti zimeongezeka kama moja na nusu kwa siku, bosi kakubali. Ameingia akazunguka usiku mzima anasukuma kila kona na pua, ile kufuli ya duka la simu nimeielewa. Siku ya pili kaingia maficho ya upande wa joto hakutoka. Juzi nimempa panya mdogo, kamchukua kabla sijatoa mkono vizuri, leo siku ya tatu nimechungulia na tochi, hajatapika.

Ofisini nilienda, wameniambia abaki kwa mwenye makaratasi mpaka maombi kwa jina langu yajibiwe. Barua nimepeleka, nasubiri. Bosi anasema ikifika Agosti haijajibiwa atazungumza nao mwenyewe kabla hajapanda ndege.

Gamba Jipya:
Siku tatu bado, hesabu mpaka utakapoona kinyesi. Halafu jua hawa wanaishi miaka 20 mpaka 30, mwambie na mama.

Mlinzi wa Njiro:
Mama hilo sijamwambia.

Kisiki:
Fundi wa Moshi kile kitanda ulisema shiti ngapi?