Ushauri: ICE (maafisa wa uhamiaji wa Marekani) wakigonga mlango wa kituo changu cha watoto, Bibi aseme nini?

MamaPacha_Portland
Habari zenu ndugu zangu. Nalea watoto nyumbani kwangu hapa Portland, Maine, mwaka wa sita huu, na leseni ninayo. Watoto tisa, wengi wa Kikongo na Kirundi. Msaidizi wangu ni mama mtu mzima wa Kigoma, watoto wanamwita Bibi na mimi pia nimezoea. Makaratasi yetu wote wawili yako sawa, msianzie hapo.

Tangu ile wiki ya Januari ICE walipomiminika Portland na Lewiston sina raha. Kuna siku walikuja watoto wawili tu, wazazi wengine wamejifungia ndani. Halafu juzi niko juu nambadilisha mtoto nepi, nasikia mlango unagongwa. Bibi kama kawaida yake: "Karibuuu!" Nashuka, nakuta mwanamume mrefu wa kizibao cheusi amesimama katikati ya sebule, theluji inamdondoka kwenye buti, watoto wamemshika suruali. Miguu iliniisha nguvu. Kumbe fundi wa boila, kakosea nyumba.

Nikamuuliza Bibi mbona hakuuliza ni nani. "Mwanangu, mtu apige hodi na baridi hii, nimwache nje?" Nilikosa jibu.

Sasa, wakija wenyewe kweli, nina haki ya kuwakatalia? Mkaguzi wa leseni naye huja bila taarifa na lazima nimfungulie, nitawatofautishaje? Na mzazi akikamatwa mchana, jioni mtoto nampa nani?

KijanaWaUjiji
Pole dada. Ila fundi alipewa chai?

MamaPacha_Portland
Na maandazi mawili.

Karani_Minneapolis
Dada, mimi si wakili ila nafanya kazi ofisi ya mawakili wa uhamiaji. Mwongozo wa serikali wa Oktoba 2021 ulitaja vituo vya watoto, chekechea na viwanja vya michezo kuwa mahali ambapo maafisa wajizuie kukamata watu. Ulifutwa Januari 2025. Kwa hiyo ile imani kwamba kwa watoto hawaji, iondoe kichwani. Novemba 2025 kule Chicago mwalimu alikamatwa ndani ya kituo asubuhi.

Kinachokulinda ni Marekebisho ya Nne ya Katiba. Kuingia ndani, tena nyumbani kwa mtu, afisa anatakiwa awe na waranti yenye sahihi ya jaji, au muwe mmemruhusu. Na hiyo "karibu" ya Bibi ndiyo ruhusa yenyewe. Hata kufungua mlango wote na kusogea pembeni wanaweza kudai mliwaruhusu.

Waranti ipitishwe chini ya mlango au waioneshe kwenye kioo. Juu iwe imeandikwa "United States District Court", chini kuwe na sahihi ya jaji, na anwani iwe yako. Ukiona Department of Homeland Security (wizara iliyo juu ya ICE) na fomu I-200 au I-205, hiyo wamesainiana wenyewe, hakuna jaji.

Sitakuficha: Januari 2026 ulifichuka waraka wa ndani wa ICE wa Mei 2025 unaodai kuwa I-205 inatosha kuingia kwa nguvu nyumbani kwa mtu mwenye amri ya mwisho ya kuondolewa. Mawakili wanaupinga. Wakilazimisha, usizuie kwa mwili, usimfiche mtu, usiseme uongo. Sema kwa sauti kwamba hukubali waingie, peleka watoto chumba cha nyuma, andika saa na namba za beji. Wakitaka fomu za I-9 za wafanyakazi (zile za kuthibitisha ruhusa ya kufanya kazi), sheria inakupa siku tatu za kazi. Usizitoe papo hapo kwa hofu.

Baba_Lewiston
Mnatishana bure. Makaratasi safi, unaogopa nini? Fungua, waone, waende zao.

MwalimuAsha_Ohio
Kaka, hayo makaratasi ni ya mwenye nyumba. Watoto ni wa watu. Kituoni kwangu Columbus hata mjomba wa mtoto asiye kwenye orodha haingii wanakolala, sembuse mtu mwenye bunduki.

Mama Pacha, mkaguzi mpya mwombe kitambulisho kupitia kioo, kisha piga ofisini kwake kwa namba uliyonayo wewe, usitumie atakayokupa. Mkaguzi wa kweli hakasiriki. Neno POLICE mgongoni lisikubabaishe, ICE nao hulivaa. Na baada ya ile video ya Minnesota ya mwisho wa Desemba 2025, iliyodai vituo vya watoto vya Wasomali vinaiba fedha za serikali, huku kwetu watu binafsi na kamera zao walikuwa wakigonga vituo vya Wasomali. Hao hawana hata haki ya kujibiwa salamu.

Sasa mtoto. Hapa ndipo wengi tumelala. Wazazi wetu kwenye fomu ya dharura huandika baba na mama tu, na wote wawili wanapanda gari moja alfajiri kwenda kiwandani! Mimi nadai majina matatu zaidi, na nazipiga namba mwenyewe. Mwaka jana katika kumi na mbili, tano zilikuwa zimekufa. Mzazi aandikishe pia hati ya kumkabidhi mtu malezi kwa muda. Kila jimbo lina utaratibu wake, awaone wanasheria wa msaada. Namba yako aikariri, maana simu huchukuliwa. Namba yake ya A (ya faili lake la uhamiaji) aiache kwa ndugu, kwani kumtafuta mtu kizuizini mtandaoni wanaiuliza pamoja na nchi aliyozaliwa. Ila wewe usiandike popote nani ana makaratasi na nani hana.

Furaha_wa_Bukavu
Mimi ni mzazi tu. Mwalimu wa mwanangu alinipigia: "Mama, siku ukichelewa na simu yako haipatikani, nimwite nani?" Hakuuliza lingine. Nililia. Nikampa jina la mchungaji wetu na la jirani wa ng'ambo ya barabara.

MamaPacha_Portland
Asanteni sana. Leo tumefanya mazoezi, mimi nje kwenye theluji, Bibi ndani. Nikagonga. "Karibu!" Mara ya pili: "Kari... ngoja kwanza!" Ya tatu akachungulia kiooni akasema vizuri kabisa, "Subiri hapo hapo, namwita mwenyewe," akapiga komeo. Kisha akaniacha nje, maana sikumwambia zoezi limekwisha.

Fomu saba zimerudi, mbili bado nazifuatilia. Baba Lewiston, hujui fundi wa vitasa? Cha mlango wa nyuma kinagoma baridi ikizidi.

Baba_Lewiston
Yupo. Namleta Jumamosi asubuhi. Bibi aambiwe mapema.